Ndege nimeiunda kwa mikono yangu, leo niambiwe nikajifunze kuirusha?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, naishi Texas mwaka wa kumi na tisa sasa, na kazi yangu ni ufundi wa viyoyozi. Nina miaka 46, mke mmoja na watoto watatu. Nakuandikia usiku huu baada ya kurushiana maneno na mama watoto, na chanzo cha maneno yenyewe ni ndege.

Miaka minane iliyopita niliagiza seti ya mkia wa RV-7, ndege ndogo ya kujiundia nyumbani, kutoka Van's Aircraft kule Oregon. Aliyewahi kuunda ndege hizi anajua utaratibu: unaanza na mkia, unafuata mabawa, unafuata kiwiliwili, halafu unauza kila ulichonacho ununue injini. Nimegonga ribiti mpaka majirani wakazoea kama wanavyozoea mbwa anayebweka. Injini ni Lycoming ya nguvu za farasi 180, propela ni ya kubadilisha pembe, na gurudumu la tatu liko mkiani. Wiki iliyopita mkaguzi alikuja, akafungua kila kifuniko, akasaini. Cheti cha ndege ya majaribio kimo hanga. Nilipokishika nililia, na sioni haya kukwambia.

Sasa balaa. Kampuni ya bima inasema haitaibeba ndege hii siku ya kwanza mpaka nifanye saa 10 na mwalimu kwenye ndege ya aina hiyohiyo. Mwalimu wa karibu niliyempata yuko mbali, majimbo mawili kutoka hapa, na ana foleni ya wiki kadhaa. Nimepiga hesabu ya nauli, hoteli na saa za kuruka: inapita dola 3,500. Mjomba, baada ya miaka minane mfuko wangu una matundu.

Leseni ninayo tangu 2012. Nina saa 143, karibu zote kwenye Cessna 172. Kibali cha ndege za gurudumu la mkia nilikipata 2020 kwenye Citabria. Kweli, mara ya mwisho kurusha ndege ni miaka mitatu na miezi iliyopita, maana kila senti ilikwenda kwenye ujenzi. Lakini hakuna anayeijua ndege hii kunishinda. Kila waya nimeupitisha mimi. Nimekaa ndani yake usiku nikitoa mlio wa injini kwa mdomo, watoto wangu ni mashahidi.

Mpango wangu ni huu. Bima niiache kwanza. Wiki mbili niiendeshe kwenye njia ya kurukia, kila siku niongeze mwendo kidogo, mpaka mkia unyanyuke. Nikishazoea niinyanyue futi chache na kuirudisha chini, kama mtoto anayejifunza baiskeli. Halafu Jumamosi ya tatu niruke rasmi. Siku hiyo nimealika Watanzania wa hapa, watu kama 40, pilau limeshapangwa, kaka yangu wa Arusha ameshapata viza, na Mama ataangalia moja kwa moja kwenye simu.

Jirani wa hanga la pili, ambaye naye ana RV, anasema hii ndege ni rahisi kuliko Cessna, inajirusha yenyewe. Mzee mwingine uwanjani hapohapo amesema natafuta kifo. Bahati mbaya mke wangu alikuwa karibu akamsikia huyo wa pili.

Maswali yangu: je, mafunzo hayo ni sheria? Kama si sheria, hii si njia ya bima kunikamua tu? Na mke wangu amependekeza nimtafute rubani mzoefu anirushie mara ya kwanza. Nimeona kama ameniambia nimwombe jirani ampe mwanangu jina. Nisaidie.

Fundi wa Hanga la Saba, Texas

*

Marahaba, mpwa wangu, na hongera sana. Wanaoanza kuunda ndege ni wengi, na gereji za Marekani zimejaa mikia isiyowahi kupata mabawa. Wewe umefika mwisho. Kwa hiyo maneno nitakayokwambia usiyasikie kama ya mtu anayedharau kazi yako.

Nianze na sheria, kwa sababu hapo pana jambo hukuliona. Uko sahihi: kwa RV-7 hakuna kanuni ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inayokulazimisha ufanye mafunzo ya kuhamia ndege hiyo. Wenyewe FAA wana waraka unaoitwa AC 90-109A, wa 2015, unaozungumzia rubani anayehamia ndege asiyoizoea. Ni ushauri, si amri. Waraka huo unazipanga ndege kwa tabia zake, unasema kila kundi lina mitego gani, na rubani na mwalimu wafanye mazoezi gani kabla ya siku yenyewe. Unapatikana bure. Usome kabla ya kulala kesho.

Lakini umesema hujaruka miaka mitatu na miezi. Basi mapitio yako ya urubani, yale ya kila miezi 24, yameshapitwa na wakati. Kibali cha gurudumu la mkia hakichachi, na leseni haichachi, ila bila mapitio hayo huruhusiwi kuwa rubani kiongozi wa ndege yoyote. Ile baiskeli yako ya futi chache ni kuruka. Matairi yakishaachana na lami, hata kwa kimo cha mlango wa nyumba, umeruka, na umeruka bila ruhusa. Angalia na cheti chako cha afya, maana mambo haya mawili hupenda kuisha pamoja.

Sasa tuje kwenye kiini. Unasema hakuna anayeijua ndege hii kukushinda. Kweli kabisa. Lakini wewe ni mtu wa bara na huenda hukuwahi kukaa pwani, kwa hiyo nikusimulie kidogo. Fundi wa majahazi wa Lamu anajua kila ubao wa chombo alichounda, anajua msumari gani uliingia kwa shida na kalfati ipi aliirudia mara mbili. Siku chombo kinaposhushwa majini watu humpongeza yeye. Kisha tanga likitwekwa, anayeshika usukani ni nahodha. Wapo watu wanaojua kazi zote mbili, lakini kila moja wamejifunza kwa wakati wake. Miaka minane hii umekuwa fundi. Unahodha uliuweka kando, tena ukauuza ili ununulie ribiti.

Huo ndio ugonjwa wa wajenzi karibu wote, si wako peke yako. Mtu anaanza kuunda ndege kwa sababu anapenda kuruka, na kuunda kunamla muda na pesa zote za kuruka. Siku ndege inapokamilika, anakuwa katika hali mbaya kuliko zote za maisha yake ya urubani. Na hapohapo ndipo anapotaka kuirusha ndege ambayo haijawahi kuruka. Rubani mwenye kutu na injini isiyojaribiwa wanakutana siku moja.

Usinielewe kwamba naitukana RV-7. Jirani yako hakudanganya aliposema ni rahisi. Amesahau tu kukwambia rahisi kwa nani. Hebu tuziweke pamoja. Chukua Cessna 172N: nguvu za farasi 160, uzito wa juu kabisa wa kuruka kilo 1,043, mabawa ya mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Yako ina farasi 180, uzito wa juu kilo 816, mabawa ya mita 7.6. Na siku ya kwanza utakuwa peke yako, kwa hiyo itakuwa nyepesi zaidi ya hapo. Ile Cessna usawa wa bahari inapanda kama futi 770 kwa dakika. Yako, ukiwa peke yako, inapita futi 2,000. Maana yake ni kwamba kimo cha kuzungukia uwanja, futi 1,000, ambacho Cessna ilikupa zaidi ya dakika nzima kukifikia, utakifikia kwa nusu dakika hivi. Katika nusu dakika hiyo unatakiwa uwe umepunguza nguvu ya injini, umerekebisha propela, umeangalia joto la silinda na shinikizo la oili, umekata kona, na bado unajua uwanja uko wapi. Mtu aliyezoea Cessna hubaki akifuata ndege yake kwa nyuma kama mtu aliyeachwa na daladala.

Mara ya kwanza mimi kushika stiki ya RV nilikuwa na saa zaidi ya 900, tena nikiwa mwalimu. Nilitaka kukata kona ndogo ya kushoto. Nikasukuma mkono kwa kiasi nilichozoea, na bawa likaenda kama ngumi. Nikarudisha, likapita upande wa pili. Mwenye ndege aliyekaa kulia kwangu akasema taratibu, "Tumia vidole viwili." Kwa robo saa nilikuwa mwanafunzi tena. Kutua ndio usiseme: nilikuja na mwendo uliozidi kidogo tu, ndege ikaelea juu ya lami ikakataa kukaa, na lami ikawa inakwisha. Sikuwa peke yangu, kwa hiyo leo ni kichekesho.

Yako ina propela ya kubadilisha pembe, na hilo lina mtego wa kinyume. Ukivuta kaba, yaani kupunguza nguvu ya injini, hadi mwisho, propela inalalia upande wa pembe ndogo, inageuka breki, na ndege inashuka kwa mteremko mkali ambao Cessna haikuwahi kukuonyesha. Rubani asiyejua huinua pua ili aifikie njia. Hapo mwendo unakufa, na bawa linafika stoli, yaani linaacha kuibeba ndege. Kwenye 172 stoli hubisha hodi mapema: king'ora kinalia, ndege inatetemeka. RV husema kwa sauti ndogo zaidi. Ukitaka kuijua sauti hiyo, kaisikilize ukiwa futi 5,000 na mwalimu pembeni. Ukiwa futi 300 kwenye kona ya mwisho ya kutua, umechelewa.

Halafu gurudumu la mkia. Citabria ya 2020 ilikufundisha jambo la msingi, kwamba uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa na mkia unatafuta nafasi ya kukupita. Hilo likitokea ndege inajizungusha juu ya lami kama pia ya kuchezea, bawa linakwaruza chini, na miaka yako minane inarudi kwa fundi. Kinachozuia hilo ni miguu, na miguu husahau upesi kuliko kichwa. Kumbuka pia kwamba hiyo Lycoming ukiifungulia yote itaivuta pua kushoto kwa nguvu usiyoizoea.

Hapo ndipo mpango wako wa baiskeli unapoanguka. Kuendesha polepole ardhini ili kujaribu breki na usukani ni sawa, fanya. Lakini kukimbia kwa kasi kwenye njia ya kurukia "ili kuizoea" ni mojawapo ya njia za zamani za kuvunja ndege mpya. RV-7 nyepesi haihitaji hata mita 150 kunyanyuka. Utafungua kaba kidogo zaidi ya jana, upepo utaisaidia, na utajikuta angani bila kuwa umeamua kuruka. Ukivuta kaba kwa hofu, inaanguka kwa tairi moja. Ukiiacha iende, unaanza safari ya kwanza na akili ya mtu aliyeshtuka. Tena injini mpya haitaki mchezo huo. Ikizungushwa ardhini muda mrefu bila upepo wa kutosha, silinda zinapata joto na ringi za pistoni hazikai vizuri kwenye kuta zake. Injini mpya inataka ifanyishwe kazi nzito tangu saa ya kwanza, hewani.

Na hilo lina matokeo ambayo wajenzi wengi hawayafikirii. Unadhani safari ya kwanza itakuwa mzunguko mmoja wa polepole kisha unatua watu wapige makofi. La. Kwa injini mpya utapanda, utabaki juu ya uwanja, na utaiweka injini kwenye nguvu kubwa sehemu kubwa ya saa nzima, ukisoma joto kila dakika. Ndege itakuwa inakimbia kuliko chombo chochote ulichowahi kukiongoza. Kisha, ukiwa umechoka na shati limelowa, ndipo utakapotakiwa uipunguze mwendo na kuitua mara ya kwanza. Kutua huko kusiwe kwa kwanza kwa mikono yako. Kuwe kwa kwanza kwa ndege tu.

Ndiyo maana ya mafunzo haya, mpwa. Siku ile kiwepo kitu kimoja tu kigeni angani, ndege yenyewe. Ukisikia mtetemo, ujue kama ndivyo RV zote zinavyotetemeka au kuna kitu kimelegea. Mtu asiyewahi kuruka RV nyingine hana cha kulinganishia.

Nina kisa kimoja ambacho huwasimulia wote wanaoniandikia kuhusu hili. Mwanamuziki John Denver alikuwa rubani mwenye zaidi ya saa 2,700. Mwaka 1997 alinunua Long-EZ, ndege ya kuundwa nyumbani iliyobuniwa na Burt Rutan, lakini aliyeiunda alikuwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ameihamisha vali ya kuchagua tangi la mafuta. Aliiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Denver alipata mafunzo mafupi sana siku moja kabla. Tarehe 12 Oktoba aliruka karibu na Pacific Grove, California, bila kuongeza mafuta. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walihitimisha kwamba alipojipinda kuifikia ile vali, alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, ndege ikamtoka mikononi ikaingia baharini. Katika mambo waliyoyaorodhesha kuwa yalichangia, mafunzo haba ya kuhamia ndege ile yametajwa kwa maneno yake. Saa 2,700, mpwa. Wewe una 143.

Najua utasema: yule alinunua, mimi nimeunda, vali yangu naijua iliko. Vizuri. Kesho kaa ndani ya ndege, jifunge mikanda yote, mwambie mke wako akufunge kitambaa machoni. Kisha akutajie vitu kimoja kimoja bila mpangilio: vali ya mafuta, pampu ya umeme, swichi kuu, kitasa cha kifuniko. Ukipapasa hata mara moja, umepata jibu. Na bado hapo ndege imesimama.

Hao NTSB walifanya uchunguzi mkubwa wa ndege hizi na kuutoa 2012. Waliona kwamba ndege za kuundwa na watu binafsi zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za Marekani, lakini mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 15 hivi ya ajali zote na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Sehemu kubwa ya ajali hizo hutokea mapema: saa za mwanzo za ndege mpya, au muda mfupi baada ya ndege kupata mmiliki mwingine. Basi bima wakikudai saa 10 hawajakuonea. Wamesoma takwimu zilezile, na wao husoma kwa pesa zao. Mimi mwenyewe bima siwapendi, wamenisumbua mara nyingi kwa mambo ya kipuuzi. Hapa nasimama nao.

Utaniuliza kwa nini usimbebe mwalimu kwenye ndege yako mwenyewe. Kwa sababu masharti ya kipindi cha majaribio, yaani saa za mwanzo za ndege mpya, hayakuruhusu. Kwa injini na propela zilizoidhinishwa kufanya kazi pamoja, kipindi hicho kwa kawaida ni saa 25, vinginevyo 40, na ndani yake anaingia yule tu ambaye bila yeye ndege haiendi. Tangu 2014 kuna mlango mdogo, waraka AC 90-116, unaomruhusu rubani wa pili mwenye sifa kuambatana na mjenzi. Masharti yake ni mengi na huangalia aina ya seti na aina ya injini, lakini RV yenye Lycoming ina nafasi nzuri. Usome na huo. Haukuondolei haja ya kujifunza kabla, ila utakuondolea upweke.

Na kwa nini mwalimu mwenyewe ni adimu na ghali? Mwenye ndege ya majaribio, yaani ya kuundwa nyumbani kama yako, haruhusiwi kuikodisha kwa mafunzo mpaka apate barua maalumu ya ruhusa kutoka FAA. Waliojisumbua kuipata ni wachache. Ndiyo foleni uliyoikuta.

Kuhusu pesa, saa 10 hizo usizianze ukiwa na kutu, maana utakuwa unamlipa mwalimu wa RV akufundishe mambo ya Cessna. Anza hapohapo Texas. Chukua 172 na mwalimu wa kawaida, saa tatu nne, ufanye na mapitio yako ya miezi 24. Kisha tafuta Citabria, au ndege yoyote ya gurudumu la mkia, utue mpaka miguu ikumbuke. Ukifika kwa yule wa mbali, saa zake zote zitakwenda kwenye RV yenyewe. Mpigie pia wakala wa bima umuulize kama watakubali saa pungufu ukishafanya haya. Wengine hukubali, na kuuliza ni bure. Tafuta tawi la EAA, chama cha waundaji wa ndege, la karibu nawe uombe mshauri wao wa urukaji. Ni watu wa kujitolea, hawatozi, na kazi yao ni kukaa na mjenzi kama wewe na kumuuliza maswali ambayo yeye mwenyewe hataki kujiuliza. Yule mzee aliyesema unatafuta kifo, mpelekee chai. Huenda ana rafiki mwenye RV-7, au aliwahi kumzika mtu.

Ukiwa kwa mwalimu, msisitize jambo moja: injini kuzimika. Avute kaba ukiwa hujui, tena na tena, mpaka pua ishuke kabla hujafikiri. Nalisema hili kwa sababu wewe ni mjenzi, na wajenzi wana udhaifu ambao mtu aliyekodi ndege hana. Injini ikizima baada ya kuruka, mwenye ndege ya kukodi hutafuta shamba. Mjenzi hutazama nyuma, kwenye lami, kwa sababu anataka kuiokoa ndege. Anageuza kwa kona kali, mwendo hautoshi, na bawa linamwacha. Kabla ya siku hiyo zunguka na gari uyaone mashamba ya pande zote mbili za uwanja, uchague, na useme kwa sauti: injini ikizima chini ya kimo fulani, ndege hii ni chuma. Kama huwezi kutamka neno hilo, basi siku haijafika.

Sasa swali lililokuuma, la kumpa mwingine airushe. Mpwa, si aibu, na mkeo hakukutukana. Wapo wajenzi wazuri waliokaa chini na redio mkononi wakaiangalia ndege yao ikiruka na mtu mwingine ndani, wakaja kuiongoza wenyewe ikishajulikana ina tabia gani. Kama baada ya mafunzo mwalimu atasema uko tayari, irushe wewe, na utaifurahia. Akisita, mwombe yeye au mtu atakayemtaja. Jina la mtoto utampa wewe tu. Bado kwenye karatasi za FAA mjenzi ni wewe, na cheti cha kuikagua kila mwaka utaomba wewe.

Jambo la mwisho ni pilau. Liahirishe. Watu 40, kaka mwenye viza, na Mama kwenye simu Moshi: ukifika mwisho wa njia ukaona kipimo kimoja hakikupendezi, utazima injini urudi, au utajisemea "hapana neno"? Sote tunajua Mtanzania mwenye wageni atasema nini. Siku ya kwanza iwe alfajiri, katikati ya wiki, upepo umelala, na watu wawe wawili watatu wenye kazi: mmoja wa redio, mmoja wa mtungi wa kuzimia moto, na mkeo kama atapenda. Mama umpigie ukishatua. Wageni waalike ukishamaliza saa 25, ndege ikiwa imetoka kwenye majaribio na unaweza kumpandisha kaka yako kiti cha kulia akaione Texas kutoka juu.

Kaka akiwa ameshakata tiketi, asiirudishe. Mlete, mkae naye hanga, akusaidie lile zoezi la kitambaa machoni. Nawe ukirudi kutoka kwa mwalimu niandikie uniambie alichokusahihisha kwanza. Mimi nakisia ni mguu wa kulia.

Mjomba